Damu imeganda kwenye mapafu na kwenye moyo kwa wakati mmoja: jibu kwa kaka wa Moshi

Kuna kaka wa Moshi kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha. Mke wake ana miaka 29, kajifungua kwa upasuaji, mtoto mzima. Wiki ya pili mguu wa kushoto ukaanza kuvimba na kuuma nyuma ya goti, nyumbani wakasema ni uchovu wa uzazi wakaukanda na maji ya moto siku mbili. Siku ya 18 toka upasuaji alikuwa anatoka bafuni, pumzi zikakata akaanguka mlangoni. Siti skani ikaonyesha damu imeganda kwenye mapafu pande zote mbili, kesho yake eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikaonyesha kuna bonge jingine ndani ya moyo, chemba ya juu ya kulia, "linacheza". Presha ilikuwa 108/70, mapigo 128. Wakampa oksijeni na sindano za tumboni asubuhi na jioni, leo siku ya sita, oksijeni imetolewa na wameanza vidonge vya kuzuia damu kuganda, wafarini. Sasa kaka anauliza, je haya ni magonjwa mawili? Mbona hawakumpa dawa ya kuyeyusha na wala hawamfanyii upasuaji wakati bonge liko moyoni? Mtoto aendelee kunyonya? Na mama yake mzazi anataka wakitoka tu ampeleke shem kijijini Kibosho, huko juu mlimani, akalelewe uzazi, waende au wasiende?

Pole sana kaka, na mpe pole shem. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Arusha, sijamuona mgonjwa wako kwahiyo yanayofuata ni ya kukusaidia uelewe wanachofanya wenzangu huko wodini, sio ya kubadilisha dawa.

Naanza na la ugonjwa mmoja au miwili maana ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa. Karibu kwa uhakika ni ugonjwa mmoja, bonge moja lililokatika vipande, na limekamatwa likiwa njiani. Wewe ni mtu wa Kibosho, mifereji ya kwenye migomba unaijua. Majani yakijikusanya juu kule yakatengeneza rundo, siku maji yakilisukuma linashuka na mfereji mpaka linakwama pale njia inapokuwa nyembamba. Damu ya shem iliganda kwenye mshipa wa mguu, ikakatika, ikapanda na mshipa mkubwa wa tumboni, ikaingia moyo upande wa kulia, na moyo wa kulia kazi yake ni moja tu, kusukuma damu kwenda mapafuni. Kule mishipa inagawanyika inakuwa myembamba ndo vipande vikakwama. Hicho kilichoonekana kwenye eko kinacheza ni kipande kilichokuwa bado hakijafika. Madaktari tuna jina lake, tunaita bonge lililoko safarini, na kwenye skrini linafanana na mnyoo unaojikunja na kujikunjua kila moyo unapopiga, ukishaliona mara moja hulisahau.

Sasa usichanganye na aina nyingine, ile inayojitengeneza ndani ya moyo wenyewe ikashika ukutani, haichezi, imetulia kama ukoko kwenye sufuria. Hiyo inatokea moyo ukiwa mchovu au kukiwa na waya ndani au mapigo yamevurugika, na yenyewe hatari yake ya kukatika ni ndogo kuliko ya huyu mnyoo.

Ni jambo la nadra. Ukichukua wagonjwa wote wenye damu iliyoganda mapafuni, yaani PE kama tunavyoiita kwa kifupi, chini ya 4 kati ya 100 ndo utawakuta na bonge moyoni, ila ukiwahesabu wale waliozidiwa walioko aisiyu, wodi ya mahututi, peke yao wanaweza kufika 18 kati ya 100. Maana yake ukiliona, huyo sio mgonjwa wa kumpa vidonge ukamrudisha nyumbani. Ni mgonjwa wa kukaa naye macho kwasababu kipande kilichobaki kikishuka kinaweza kuziba kilichokuwa kimebaki wazi.

Kuna kitu nataka ukakiangalie mwenyewe kwenye karatasi ya eko. Hakikisha imeandikwa kulia. Nasema hivi kwasababu mama aliyetoka kujifungua anaweza kupata tatizo lingine kabisa, moyo kutanuka na kuchoka, linatokea kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano hivi baada ya kujifungua, na huko bonge linakaa upande wa kushoto. La kushoto haliendi mapafuni, linaenda kichwani likaleta kiharusi, au figo, au mguu unakuwa wa baridi ghafla. Dawa ya kuzuia kuganda ni zile zile ila na moyo wenyewe unatibiwa, na kwenye karatasi utaona namba ya nguvu ya moyo imeandikwa EF, iko chini ya 45. Kama ya shem ni 55 au 60, upande huo pumua.

Halafu kuna kitundu. Watu kama mmoja kati ya wanne tuna kitundu kidogo kati ya chemba mbili za juu za moyo, kilitakiwa kuziba baada ya kuzaliwa hakikuziba vizuri, wengi tunaishi nacho mpaka tunakufa uzeeni hatujui. Ila presha ya upande wa kulia ikipanda, kama inavyopanda mapafu yakiziba, kipande kinaweza kupenya hapo kikaenda kushoto na kupanda kichwani. Ndo maana mgonjwa wa hivi akianza tu kuongea kama amelewa, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, usisubiri asubuhi.

Haya, swali lako zito. Mbona hawakuyeyusha?

Dawa za kuyeyusha zipo. Ipo altepleze, ambayo kwa kawaida inaingia miligramu 100 kwa saa mbili, ipo ya zamani streptokinezi ambayo wengine bado wanaitumia. Zinafanya kazi, nimeona mtu aliyekuwa anakata roho anakaa kitandani anaomba chai. Lakini zinayeyusha kila damu iliyoganda mwilini, hazichagui. Kidonda cha upasuaji wa uzazi kimefungwa na damu iliyoganda, sehemu kondo lilipobanduka nayo hivyo hivyo. Shem alikuwa siku ya 18, na miongozo tunayofuata inaweka upasuaji mkubwa ndani ya wiki tatu kwenye orodha ya vitu vinavyokataza kuyeyusha. Ungempa, ungeweza kusafisha mapafu ukampoteza kwa kutoka damu tumboni.

Lingine ni presha. Kinachotusukuma kuyeyusha, hata kwa kujilipua kidogo, ni pale presha ya juu inaposhuka chini ya 90 ikakaa huko, maana yake moyo wa kulia umeshindwa. Yake ilikuwa 108. Mapigo 128 yanaonyesha moyo unahangaika, ila haujaanguka. Kwa watu wa namna hii, moyo unahangaika ila presha imesimama, kuna utafiti mkubwa unaitwa PEITHO ulitoka 2014, wagonjwa 1,005, nusu walipewa dawa ya kuyeyusha juu ya heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, na nusu heparini peke yake. Waliopewa ya kuyeyusha wachache zaidi waliporomoka presha, hilo ni kweli, lakini waliovuja damu kichwani walikuwa 10 upande huo na mmoja tu upande mwingine. Kwahiyo wenzangu walikuwa na mizani mkononi, na bonge moyoni linaongeza uzito upande wa kuyeyusha, kidonda kibichi kinaongeza upande wa kutoyeyusha. Mimi ningekuwa kwenye zamu hiyo ningefanya walichofanya, sindano, mashine ya kufuatilia mapigo muda wote, dawa ya kuyeyusha iko kwenye friji inajulikana iko wapi, na presha ikishuka tunabadilisha uamuzi hapo hapo hata usiku wa manane. Kuna wataalamu wanaoheshimika ambao wakiona tu bonge linacheza wanayeyusha au wanaita mpasuaji bila kungoja presha, huu mjadala haujaisha duniani, usije ukasoma sehemu ukadhani shem alitibiwa vibaya.

Upasuaji wa kulitoa bonge unafanyika, lakini ni kufungua kifua, damu inazungushwa na mashine badala ya moyo, na huduma ya kufungua moyo kwa hapa nchini ukiisikia inatajwa zaidi ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kumtoa Moshi mgonjwa ambaye bonge linacheza, ukamlaza kwenye ambulansi zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar, yenyewe ni hatari ambayo lazima uihesabu. Kuna nchi wanatumia mrija unaopita kwenye mshipa wa paja wanaenda kulivuta bonge kama unavyofyonza na mrija wa soda, nzuri, ila ni vifaa vya bei kali na mkono uliozoea.

Sasa ile sindano ya tumboni inafanya nini? Watu wengi wanadhani inayeyusha. Hapana. Enoksaparini, hiyo wengi wanaiita klexani, inazuia damu isiendelee kuganda, basi, wakati huo mwili wenyewe una dawa yake ya kuyeyusha inayofanya kazi polepole kwa siku na wiki. Ukisimamisha ujenzi, mbomoaji anapata nafasi. Inapimwa kwa uzito, miligramu moja kwa kila kilo kila baada ya saa 12, kwahiyo mama wa kilo 70 anachoma 70 asubuhi na 70 jioni, figo zikiwa nzima. Muulize muuguzi kama alipimwa uzito kweli au walikadiria kwa macho, ni swali la kawaida usione aibu, mama aliyetoka kuzaa uzito wake sio ule ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki mwezi wa tatu wa mimba.

Na eko irudiwe kabla hajatoka. Hili liulize leo leo. Mara nyingi ukirudia baada ya siku kadhaa unakuta yule mnyoo hayupo, ama ameyeyuka ama ameshuka mapafuni kimya kimya akiwa mdogo, na moyo wa kulia umeanza kurudi saizi yake. Kama bado yupo, mimi simruhusu mtu huyo.

Kunyonyesha. Anyonyeshe, tena bila wasiwasi. Heparini, enoksaparini na wafarini haziendi kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Ndo maana pia wamechagua wafarini, maana ukimuuliza jirani yako aliyewahi kuganda damu atakwambia "mbona mimi nilipewa rivaroksabani, kidonge tu, hamna kupimapima". Kweli, rivaroksabani na apiksabani ni nzuri na kwa watu wengine naziandika kila wiki, ila kwa anayenyonyesha tunaziepuka. Msibadilishane dawa na jirani.

Wafarini ni dawa nzuri yenye tabia mbaya. Utasikia mtu anasema ni sumu ya panya, na wala hadanganyi, ilianza kuuzwa hivyo miaka ya 1940 huko Marekani na miaka ya 50 ndo ikaanza kupewa watu, dozi ndo inayotenganisha. Ili tujue dozi inatosha tunapima damu inachelewa kiasi gani kuganda, kipimo kinaitwa INR, kwa shem tunataka kiwe kati ya 2 na 3. Chini ya 2 damu inaweza kuganda tena, ikizidi sana anatoka damu. Wafarini inachelewa kushika, siku za mwanzo ni kama haipo, kwahiyo sindano na vidonge vinaenda pamoja angalau siku tano na mpaka INR ifike 2 na ikae hapo siku nzima. Hapa ndo nimeona watu wakiumia. Mgonjwa anaruhusiwa siku ya pili ya wafarini, sindano zimeisha, ni ghali, familia inasema si ameshapewa vidonge, wiki inayofuata anarudi amebebwa. Hesabuni sindano kabla ya kutoka wodini. Kama bima haifiki au hela imepungua semeni mapema kwa daktari, usikae kimya kwa aibu ya kiume kaka.

Akitoka, INR inapimwa kila siku chache, ikitulia kila wiki, baadae hata kila mwezi. Kidonge saa ile ile kila siku, wengi nawashauri saa mbili usiku pamoja na taarifa ya habari wasisahau.

Chakula usimnyime. Mnafu, mchicha, sukuma, vina vitamini K ambayo inapunguza nguvu ya wafarini, lakini jibu sio kuacha mboga, jibu ni kula kiasi kinachofanana kila wiki. Matatizo yanakuja akikaa wiki mbili bila mboga halafu bibi akamletea mnafu wa beseni zima. Mtori ale atakavyo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuongeza maziwa hapana, na dawa za miti shamba zozote zile hapana, hata ikiwa ni ya bibi aliyezalisha kijiji kizima. Kuna dawa za hospitali nazo ni za kuogopa, flajili, septrini na dawa ya fangasi flukonazo zinaipandisha INR, na dawa ya TB rifampisini inaishusha vibaya. Diklofenaki na ibuprofeni asiguse, maumivu atumie panado. Sindano za kwenye nyama pia, za takoni, zinaweza kumwacha na uvimbe wa damu, kila anapoingia duka la dawa au zahanati aanze kwa kusema natumia wafarini.

Muda, ni angalau miezi mitatu, na kwa mama aliyejifungua isipungue wiki sita baada ya uzazi, ambazo kwake zinaishia ndani ya hiyo mitatu. Wengine tunafika sita hasa bonge lilipokuwa kubwa hivi. Kwasababu chanzo kinajulikana, mimba na upasuaji, wengi wanaacha na hawaanzi tena. Baada ya miezi mitatu akiwa bado anahema kupanda ngazi, hapo arudi apimwe presha ya mapafu, wachache mabonge yanageuka makovu na huo ni ugonjwa mwingine wenye matibabu yake.

Asishike mimba akiwa kwenye wafarini, inaharibu mtoto hasa wiki ya 6 mpaka 12. Vidonge vya majira vile vyenye homoni mbili asitumie tena maisha yake, vinagandisha damu. Kitanzi au kijiti ni sawa. Na mimba ijayo, maana najua mtataka, siku ile kipimo kikisema ndiyo muende kliniki mseme historia hii, atahitaji sindano za kuzuia wakati wa mimba na wiki sita baada ya kujifungua.

Kuhusu mguu mliokanda. Najua hamkujua, na sikulaumu, mimi mwenyewe nikiwa daktari mdogo kwenye hospitali moja nisiyoitaja nilimtibu nimonia kwa siku tatu dada aliyekuwa anahema baada ya upasuaji, antibayotiki juu ya antibayotiki, mpaka daktari mkubwa alipofunua shuka akaangalia miguu. Mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine. Alipona, ila tangu siku hiyo nafunua shuka. Kwa mjamzito au mzazi, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, na mara nyingi ni wa kushoto kwasababu mshipa wake unabanwa tumboni, usikandwe wala kuchuliwa, uende ultrasaundi.

Sasa mama na Kibosho. Nimekulia huku kaskazini, najua uzazi wetu, mzazi anafungiwa ndani miezi mitatu, haruhusiwi kushika ufagio, analetewa mtori kitandani, na kwa kweli ni upendo mkubwa, kuna nchi mama anajifungua Jumatatu na hana hata mtu wa kumpokea mtoto akaoge. Lakini kulala kulala ndo kulikochangia tulipofika. Damu ya mama mzazi tayari imejiandaa kuganda ili asimalizike damu wakati wa kuzaa, wiki sita za kwanza ndo mbaya zaidi, ongeza upasuaji, ongeza kitanda. Kwahiyo mama alee, apike, ambebe mtoto usiku, ila shem atembee ndani na uani mara kadhaa kila siku, akiwa kwenye dawa kutembea hakumng'oi bonge.

Na Kibosho msipande kwanza. Mkae mjini, Majengo, Pasua, popote mlipo karibu na maabara inayopima INR, mpaka majibu mawili mfululizo yakae kati ya 2 na 3. Mama ndo ashuke aje na ndizi zake. Mvua za masika zikishika ile barabara unaijua, siku shem akipata pumzi fupi tena saa nane usiku hutaki kuwa unasukuma Noah kwenye matope. Majibu yakitulia, pandeni, nenda na karatasi yenye tarehe za kushuka kupima, umkabidhi mama mwenyewe aibandike ukutani, mama akishapewa kazi hiyo hamna tarehe itakayopita.